Kwa nini vijidudu kwenye slaidi husimama papo hapo, bila kuteleza hata kidogo?

FundiHadubini (Umoja)

Hamjambo nyote. Mimi ni mtu wa maabara, kliniki ndogo hapa Umoja, na huu ni mwaka wangu wa 11. Napima mkojo, choo, damu ya malaria, na manii kwa wanaotafuta mtoto. Kila siku ya Mungu naangalia vitu vikitembea, na juzi ndipo nilipotambua kwamba sijui vinatembeaje.

Jumamosi, wateja walipoisha, mtoto wa kaka yangu alikuja na chupa ya maji aliyolowekea nyasi kavu kwa siku tano. Yuko Gredi ya 8, ni kazi ya shule. Tukadondosha tone kwenye slaidi, tukafunika, tukaweka lenzi ya 10. Paramesia, vijidudu vya seli moja, walikuwa tele, wametapakaa kama ndara mlangoni pa msikiti siku ya Ijumaa. Mtoto akaangalia muda mrefu bila kusema neno. Mmoja akagonga kipande cha nyasi, akasimama, akarudi kinyumenyume, akageuka kidogo, akaenda zake. Ndipo akaniuliza: "Shangazi, mbona kikisimama kinasimama papo hapo? Matatu ikifunga breki si sote tunarushwa mbele? Hiki breki yake iko wapi?"

Nilikosa jibu. Nikamwambia nitauliza watu.

Tangu siku hiyo naliona jambo hilo kila mahali. Trikomonasi, kimelea cha njia ya uzazi na mkojo, hujirusharusha kwenye sampuli kwa mijeledi yake, lakini sampuli ikipoa (na Julai hii maabara yetu ni baridi, vikombe vya chai tunavishika kwa mikono miwili) anapunguza, anapunguza, na mjeledi ukikoma hasogei tena hata unywele. Seli nyeupe ya damu nayo haina mkia wala mguu, ila nikipasha slaidi joto kidogo na kuwa na subira naiona imetoa kama ulimi upande mmoja, na mwili ukaufuata ulimi.

Na kuna sampuli moja ya manii ambayo haijanitoka akilini. Niliitia rangi ya eosini. Mbegu iliyokufa hunywa rangi ikawa ya waridi. Hizi nyingi zilibaki nyeupe, maana yake zilikuwa hai. Lakini hakuna hata moja iliyotikisa mkia. Nikaandika kwenye fomu: hai, hazisogei. Mwenyewe alisoma matokeo akiwa amekaa kwenye benchi la nje, nami nilimwona kupitia dirishani. Nilichoandika kilikuwa kweli, lakini kama angegeuka kuniuliza sababu, nisingekuwa na la kumwambia.

Naomba anayejua fizikia anieleze kwa maneno ya kueleweka. Ni nini hasa kinachosukuma nini?

Kijana wa Roysambu

Dada, hiyo si kutembea. Ni molekuli za maji zinazogonga vitu vidogo kutoka kila upande. Robert Brown aliona hivyo mwaka 1827, vijichembe vilivyotoka ndani ya chavua vikichezacheza majini. Hata unga wa mkaa hufanya hivyo.

FundiHadubini (Umoja)

Hilo nalijua, kaka, ni katika mambo ya kwanza tunayofundishwa kutofautisha. Bakteria aliyekufa hutikisika palepale pamoja na takataka zilizo karibu naye, wala hafiki popote. Aliye hai hukatiza uwanja wote wa lenzi na kupishana na mwenzake anayetoka upande wa pili. Na paramesia ni mkubwa mno, ana karibu robo ya milimita. Mtikisiko huo haumwezi.

Mwalimu wa Fizikia (Buruburu)

Dada, mwambie huyo mtoto breki ni maji yenyewe, na kwamba swali lake ndilo mlango wa kuingilia somo lote hili.

Kila kitu kinachopita majini kinavutwa na mambo mawili. La kwanza ni inesha, yaani ile hali ya kitu kuendelea kwenda hata kikiachwa kusukumwa. Ndiyo inayowarusha mbele ndani ya matatu. La pili ni mnato wa maji, yale maji yanavyong'ang'ania kitu na kukizuia. Osborne Reynolds alipokuwa Manchester mwaka 1883 alipitisha uzi wa rangi ndani ya bomba la maji, na kutokana na kazi yake tukapata namba inayotuambia ni lipi kati ya hayo mawili linalotawala. Chukua kasi, zidisha kwa ukubwa wa kitu na kwa uzito wa maji kwa ujazo wake, gawanya kwa mnato. Mtu anayeogelea hukaribia milioni moja. Paramesia wenu ni kama 0.2. Bakteria wa tumboni aitwaye E. koli, mwenye urefu wa maikromita 2 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) na kasi ya maikromita 30 hivi kwa sekunde, ni takriban 0.00006.

Maji ni yaleyale. Wewe ukizama kwenye bwawa unayaona mepesi, na bakteria akizama humohumo anayaona mazito kuliko wewe ungeyaona asali.

Matatu ikiwa mwendo wa 60 pale Jogoo Road, dereva akizima injini, bado itabingirika mbali. Edward Purcell, mwanafizikia wa Marekani, alipiga hesabu kama hiyo kwa bakteria katika makala yake ya mwaka 1977. Injini ikizimwa, bakteria husimama ndani ya umbali mdogo kuliko upana wa atomu moja. Paramesia ni mkubwa, kwa hiyo huteleza zaidi, nami nikikadiria napata maikromita moja au mbili. Mwili wake una mia mbili na zaidi. Kwa lenzi ya 10 hamwezi kuliona hilo.

Sasa sikiliza linalotoka hapo, kwa sababu mimi hulipenda kuliko yote. Kama inesha haina nguvu, basi wakati nao hauna maana kwa majimaji hayo: uharakishe mwendo, uucheleweshe, matokeo ni yaleyale. Chukua mkasi ndani ya asali nzito. Ufungue polepole, ufunge kwa nguvu. Sisi tungedhani kufunga kwa nguvu kutausukuma mbele kuliko kufungua kulivyourudisha nyuma. Hapana. Utarudi palepale ulipoanzia. Mwendo wowote ambao kurudi kwake ni kioo cha kwenda kwake haumpeleki mtu popote kule. Kiumbe mwenye kiungo kimoja tu cha kufungua na kufunga angehangaika mpaka kufa papo hapo alipo.

Ndiyo maana hawa wote wamepata namna ya kusogea isiyojirudia kinyumenyume. Mkia wa mbegu ya kiume hupitisha wimbi kutoka kichwani kwenda ncha, na wimbi halirudi. Vinywele vya paramesia hupiga vikiwa vimenyooka, kisha hurudi vimejikunja karibu na ngozi. E. koli yeye hazungushi mkono, anazungusha parafujo. Watu walidhani mikia yake inapunga kama ya samaki, hadi mwaka 1973 Howard Berg na Robert Anderson walipoonyesha kwamba inazunguka kwelikweli kwenye kitako chake, kama panga la feni. Injini yake ina upana wa nanomita 45 hivi (nanomita ni sehemu ya elfu ya maikromita), huendeshwa na protoni zinazopenya kuingia ndani ya seli, na anapoogelea huzunguka kama mara 100 kwa sekunde. Ikizunguka kinyume cha saa, mikia hujisokota pamoja naye huenda moja kwa moja kwa sekunde moja hivi. Baadhi zikigeuka kufuata saa, msokoto hufumuka, anapinduka kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kisha anaelekea upande mwingine.

Lakini kwa nini wimbi au parafujo isukume? Chukua ufito mwembamba uupitishe kwenye matope mazito. Ukiuvuta kwa urefu wake unakuja. Ukiuvuta kwa ubavu unakataa. Kwa uzi mwembamba sana ukinzani wa ubavuni hukaribia mara mbili ya ule wa urefuni. Kila kipande cha mkia kimekaa mshazari, kikipigwa ubavu maji yanakataa kwa upande mmoja kuliko mwingine, na tofauti hiyo ndogo ndiyo mwendo wote. Kama ukinzani ungekuwa sawa pande zote, mbegu ya kiume isingefika hata ingepiga mkia mwaka mzima.

Kuna jaribio mnaloweza kufanya jikoni. Nunueni gliserini kwenye duka la dawa. Tafuteni glasi pana na chupa nyembamba inayosimama ndani yake, mjaze gliserini katikati. Dondosheni rangi. Zungusheni chupa ya ndani polepole mara tatu, rangi itatandazwa mpaka ipotee. Kisha rudisheni mara tatu kinyume. Msimwambie mtoto kitakachotokea.

Mzee wa Lambwe

Nimestaafu. Nilifanya kazi ya mifugo miaka mingi, sehemu kubwa yake Bonde la Lambwe, nikichukua damu ya ng'ombe walioumwa na mbung'o. Binti yangu, umenirudisha mbali.

Sisi hatukuwa na haja ya kumtafuta mdudu mwenyewe kwanza. Ukiweka tone la damu mbichi chini ya lenzi, unatafuta mahali ambapo seli nyekundu zinasukwasukwa, kama majani ambayo chini yake kuna panya. Hapo ndipo alipo. Jina lake, tripanosoma, ni la Kigiriki, maana yake mwili wa keekee, na kweli anatoboa. Ule mjeledi wake umeshikamana na mwili kwa urefu, na cha ajabu ncha yake ndiyo inayotangulia. Wimbi linaanzia nchani mbele na kurudi nyuma, kinyume cha mbegu ya kiume aliyoeleza mwalimu.

Nimependa alivyosema Mwalimu juu ya maji kuwa mazito, kwa sababu kuna jambo lililonisumbua enzi hizo na nikalipata nikiwa nimeshastaafu. Ng'ombe hutengeneza kingamwili, protini za kupigana na vijidudu. Kingamwili humng'ang'ania tripanosoma kwenye koti lake. Mbona basi hafi haraka? Wajerumani walionyesha mwaka 2007 kwamba anapoogelea mbele, yale maji mazito hukokota kingamwili kuelekea nyuma ya mwili wake, kama upepo unavyopeperusha shuka lililoning'inia. Huko nyuma, penye kitako cha mjeledi, ana mfuko, na humo huzimeza. Dakika chache tu na koti ni safi. Akizuiwa kuogelea, au akiogelea kinyumenyume, usafishaji huo unaharibika. Yaani kuogelea kwake si kwa kufika mahali tu. Anaoga.

Nilizika ng'ombe wengi wa watu bila kulijua hilo. Wakulima walikuwa wakiniuliza kwa nini mnyama haponi mwenyewe ilhali anakula vizuri, nami nikawa nasema ni ugonjwa mbaya.

Seli na Chai (Chiromo)

Nasomea baiolojia ya seli. Nitajibu hayo mawili yaliyobaki, la seli nyeupe na la mbegu, maana la pili ndilo lenye mtu nyuma yake.

Seli nyeupe haiogelei, inatambaa, na kutambaa kunahitaji sakafu. Mbele, chini ya ngozi yake, kuna nyuzi za protini iitwayo aktini, unene wa nanomita 7 hivi. Nyuzi hurefuka kwa kuongezwa kitofali baada ya kitofali kwenye ncha inayoelekea ngozi, na kila kitofali huirefusha nanomita 2.7. Swali ni lako lilelile: nani anasukuma? Kijana wa Roysambu hakukosea kabisa kumtaja Brown, ila alimweka mahali pasipo pake. Ngozi ya seli hutikisika kwa joto muda wote. Ikiruka mbele kidogo, pengo hufunguka, kitofali kinaingia, na ngozi haiwezi kurudi tena ilikokuwa. Ni kama kuingiza kabari chini ya gurudumu la mkokoteni kila linapoyumba kwenda juu. Mwaka 1993 Peskin, Odell na Oster waliandika hesabu ya jambo hilo. Joto linatikisa bila mpango, na kabari ndiyo inayochagua upande. Seli hulipia kabari hiyo kwa ATP, molekuli inayobeba nishati yake, hakuna kitu cha bure.

Ulimi ukishatoka, hujibandika kwenye sakafu kwa protini za kushikia, kisha mayosini, ndugu wa ile ya misuli yetu, huivuta sehemu ya nyuma mpaka ibanduke. Bila kushika, ulimi ungesukuma nyuzi kurudi nyuma tu, kama kiatu kwenye matope ya Aprili. Na ikishika mno hainyanyuki. Kwenye joto la mwili huenda karibu maikromita 10 kwa dakika, yaani urefu wake mmoja. Ndiyo maana slaidi ya baridi inakuonyesha seli iliyolala.

Sasa zile mbegu. Ndani ya mkia kuna mirija midogo, jozi tisa zimezunguka mirija miwili ya katikati. Kwenye kila jozi kuna vikono vya protini ambayo Ian Gibbons aliipa jina dainini mwaka 1965. Vikono hushika jozi ya jirani na kuisukuma ipite. Ingekuwa haijafungwa popote, jozi zingeteleza tu zikaachana. Lakini zimefungwa, kwa hiyo badala ya kuteleza mkia unapinda. Upande mmoja unasukuma, kisha mwingine, na wimbi linatembea.

Vikono visipokuwepo, seli iko hai na ina chakula, ila hakuna kinachopinda. Mwaka 1976 Björn Afzelius wa Sweden aliandika juu ya wanaume ambao mbegu zao zilikuwa hivyo, na chini ya hadubini ya elektroni vikono vilikosekana. Walikuwa pia wagonjwa wa kifua na mafua yasiyoisha tangu utotoni, kwa sababu vinywele vinavyofagia kohozi kwenye njia ya hewa vimejengwa kwa mpango uleule. Na takriban nusu ya wenye hali hii moyo umekaa kulia. Nalo lina fizikia yake: kwenye kiinitete kichanga kuna vinywele vinavyozunguka vikiwa vimeinama kidogo, vikisukuma majimaji kuelekea kushoto, na mtiririko huo ndio unaouambia mwili kushoto ni wapi. Visipozunguka, mwili unabahatisha.

Zipo sababu nyingine za mbegu hai kutosogea, kwa hiyo si kazi yako wala yangu kumpa mtu jina la ugonjwa. Lakini kuna swali moja rahisi la kumwuliza daktari wenu amuulize: je, amekuwa akikohoa tangu mtoto? Na kama ndiyo hiyo, mwambieni jambo ambalo huenda hakuna aliyemwambia. Mbegu hai isiyosogea inaweza kuchukuliwa kwa sindano na kuingizwa ndani ya yai. Wapo waliopata watoto kwa njia hiyo.

FundiHadubini (Umoja)

Nimesoma jibu la Chiromo nikiwa kwenye matatu nikashuka steji moja mbele ya yangu.

Leo asubuhi nimefungua rejista ya mwaka ule. Fomu ya daktari ilikuwa bado imebanwa nyuma, na kwenye mstari wa historia kuna maneno matatu: kikohozi cha utotoni. Yalikuwa mbele yangu siku ile na sikuyasoma, kwa sababu mimi huangalia jina, namba na kipimo kilichoombwa. Nimempelekea daktari wetu. Amekaa nayo kimya, kisha akaomba namba ya simu. Hajampata bado, simu imezimwa, amesema atajaribu jioni.

Mzee wangu wa Lambwe, asante sana. Nimemsomea mtoto habari ya kuoga, akaomba nimsomee tena.

Jaribio la gliserini tumelifanya. Chupa ilikuwa ya dawa ya kikohozi niliyoichemsha, glasi ni ya juisi ya mama mkwe. Tone la rangi nyekundu. Tumezungusha mara tatu, likawa utepe, kisha ukungu, kisha hakuna kitu, gliserini yote imekuwa ya waridi hafifu. Mtoto akasema limekwisha, limechanganyika. Nikamwambia arudishe yeye mwenyewe, taratibu, ahesabu kwa sauti. Alipofika mbili na nusu akaacha kuhesabu. Tone lilikuwa linajikusanya. Alinyamaza kabisa, akazungusha mbele tena kulipoteza, akalirudisha, akalipoteza. Tumekula saa nne usiku.

Mwalimu, lakini tone letu halikurudi safi. Lilikuwa na mkia mdogo unaopanda juu, na kila tulivyorudia mkia uliongezeka. Tumekosea wapi?

Mwalimu wa Fizikia (Buruburu)

Rangi uliichanganya na maji? Ikiwa na maji ni nyepesi kuliko gliserini, itapanda polepole hata msipogusa chupa. Chukueni gliserini kijiko kimoja, tieni rangi humo kwanza, ndipo mdondoshe. Na mweke alama ya kalamu kwenye chupa na kwenye glasi, mjue mmerudi kamili.

FundiHadubini (Umoja)

Ilikuwa ya maji. Tunarudia Jumamosi.